Salem Kuanzia Gatini: Mwongozo kwa Mgeni wa Mji Mkongwe wa Marekani

Watalii wengi wanaoshuka kwenye treni mjini Salem, jimbo la Massachusetts, huenda moja kwa moja kutafuta wachawi. Hununua kofia nyeusi yenye ncha, hupiga picha mbili tatu, hula, huondoka. Mji wenyewe hawajauona.

Salem ulianzishwa mwaka 1626, na kwa vizazi vingi riziki yake ilitoka baharini. Merikebu zake zilileta pilipili manga kutoka Sumatra, chai na vyombo vya kaure kutoka China, na kuanzia miaka ya 1820 zikaleta pembe za ndovu, sandarusi na ngozi kutoka Unguja. Konseli wa kwanza wa Marekani kisiwani Unguja, Richard Waters, alikuwa mfanyabiashara wa Salem. Alifika kisiwani mwaka 1837. Msemaji wa Kiswahili anayetembelea mji huu ana sababu ambayo mtalii wa kawaida hana, na ni hasara kuipoteza kwa kuanzia mlango usiofaa.

Mwongozo huu una mashauri matatu: epuka Oktoba, anzia gatini, na kesi za uchawi za mwaka 1692 uziweke siku ya pili, ukiwa umetulia.

Chagua mwezi kabla ya kuchagua hoteli

Salem una wakazi wapatao 44,000. Katika miaka ya karibuni wageni wa mwezi Oktoba peke yake wamepita milioni moja, wanaokuja kwa ajili ya sikukuu ya Halloween. Mwezi huo vyumba hujaa miezi mingi kabla, bei hupanda sana, barabara za katikati hufungwa, na foleni ya kuingia nyumba ndogo ya kihistoria huweza kula asubuhi nzima. Kama unapenda shamrashamra za mavazi ya kutisha, nenda Oktoba na ujue unachokifuata. Kama unataka kuona mji, nenda mwezi mwingine.

Miezi mizuri ni Mei, Juni na Septemba. Septemba hasa: joto limepungua, watoto wa shule wamerudi madarasani, boti bado zinakwenda, na umati wa Oktoba haujafika. Julai na Agosti kuna joto la unyevu ambalo mtu wa Mombasa au Tanga halitamshangaza. Kuanzia Desemba hadi Machi baridi huenda chini ya sifuri, theluji huanguka, na baadhi ya sehemu hupunguza saa za kufungua. Faida yake ni vyumba vya bei nafuu na makumbusho yasiyo na msongamano.

Kabla ya kulipia chumba, angalia pia siku za wiki. Makumbusho makubwa ya mji, Peabody Essex, yana desturi ya kufungwa Jumanne na Jumatano. Ukifika Jumanne asubuhi ukaondoka Jumatano jioni, utakuwa umevuka bahari mbili kuja kusoma tangazo mlangoni. Panga kufika Alhamisi au Ijumaa.

Karatasi kwanza, nauli baadaye

Mwenye pasipoti ya nchi za Afrika Mashariki au Oman anahitaji viza ya matembezi, ile ya daraja la B-2. Hatua zake ni kujaza fomu ya DS-160 mtandaoni, kulipa ada, kuweka miadi na kwenda kwenye usaili ubalozini. Ada hairudishwi hata ukinyimwa. Tangu mwaka 2025 masharti yamebadilika mara kadhaa, na baadhi ya pasipoti za ukanda wetu zimewekewa vizuizi au sharti la kuweka dhamana ya fedha. Kwa hiyo soma tovuti ya ubalozi wa Marekani wa nchi yako wiki ileile unayotaka kuanza, wala usitegemee aliyesafiri mwaka juzi. Usinunue tiketi ya ndege isiyorudishwa fedha kabla viza haijagongwa kwenye pasipoti.

Kwenye usaili utaulizwa unakwenda kufanya nini. Jibu la mtu aliyepanga safari husikika tofauti na la mtu asiyepanga: taja mji, taja siku, taja utakapolala, eleza nani analipa na kazi gani inakusubiri nyumbani. Usiseme uongo hata katika jambo dogo, kwa sababu maelezo yako huhifadhiwa.

Wenye pasipoti za Uingereza na nchi nyingi za Umoja wa Ulaya huomba kibali cha mtandaoni kiitwacho ESTA, kinachoruhusu ziara isiyozidi siku 90. Waswahili wanaoishi Marekani au Kanada nao wakague tarehe ya mwisho ya hati zao kabla ya kuvuka mpaka wowote.

Kata bima ya safari. Matibabu ya Marekani ni ghali kiasi kwamba mguu ulioteguka kwenye njia ya matofali unaweza kugharimu kuliko safari yote.

Kufika kutoka Boston

Uwanja wa ndege ni Logan, Boston. Salem iko kama kilomita 25 kaskazini-mashariki. Huhitaji gari, na ukikodi utajuta: mitaa ya mji wa kale ni myembamba na maegesho ni machache.

Kutoka Logan panda basi la bure la uwanjani hadi stesheni ya treni ya chini ya ardhi iitwayo Airport, kwenye laini ya bluu. Shuka State, badili uingie laini ya chungwa, kisha shuka North Station. Hapo panda treni ya abiria ya laini ya Newburyport na Rockport. Laini hii hugawanyika mbele ya Salem, kwa hiyo treni yoyote kati ya hizo mbili itakufikisha. Mwendo ni kama nusu saa. Tiketi hununuliwa kwa programu ya simu au kwenye mashine kabla ya kupanda. Jumamosi na Jumapili kuna tiketi ya bei moja inayoruhusu kupanda treni za abiria mara nyingi utakavyo mwishoni mwa wiki. Ukipanga kutembelea miji zaidi ya mmoja, hiyo ndiyo ya kununua.

Katika miezi ya joto kuna pia boti kutoka Long Wharf, Boston, inayofika Salem kwa muda wa kama saa moja. Nauli yake ni kubwa kuliko ya treni, lakini huu ni mji uliojengwa ili ufikiwe kwa bahari. Ukiweza, nenda kwa boti na urudi kwa treni.

Wapi kulala, na hesabu isiyoandikwa ukutani

Una njia mbili. Ya kwanza ni kulala Salem. Katikati ya mji kuna Hawthorne Hotel, iliyofunguliwa mwaka 1925, pamoja na nyumba ndogo za wageni. Ukilala hapa utatembea mapema asubuhi kabla treni za Boston hazijamwaga watu. Ya pili ni kulala Boston au vitongoji vyake na kuja kwa treni kila siku. Kwa familia yenye ndugu au jamaa wa karibu, njia ya pili huokoa fedha nyingi. Kwa mtu mmoja au wawili mwezi Mei au Septemba, naona kulala Salem usiku mmoja ni afadhali.

Bei unayoiona Marekani si bei utakayolipa. Kodi ya mauzo Massachusetts ni asilimia 6.25, na huongezwa unapofika kwenye malipo. Mlo wa mgahawani hutozwa kama asilimia 7. Juu ya hapo kuna bakshishi ya mhudumu, asilimia 18 hadi 20, ambayo kwa desturi ya huko si hiari kama ilivyo kwetu. Ndiyo sehemu kubwa ya kipato chake. Mlo ulioandikwa dola 20 utautoka mfuko wako kwa dola 25 au zaidi. Chumba cha hoteli nacho kina kodi zake, kwa hiyo soma jumla ya mwisho, usisome bei ya usiku mmoja. Nafuu ni kwamba nguo isiyozidi dola 175 haitozwi kodi ya mauzo.

Siku ya kwanza: gati, forodha na makumbusho

Toka stesheni, tembea dakika kumi na tano au ishirini hadi mtaa wa Derby, uende mpaka ncha ya gati la Derby Wharf. Gati hili linaingia baharini karibu nusu maili, na mwisho wake kuna mnara mdogo wa taa wa mwaka 1871. Leo ni nyasi na njia ya changarawe. Zamani lilijaa maghala pande zote. Hakuna kiingilio, eneo lote linatunzwa na idara ya hifadhi za taifa.

Simama mwisho wa gati ugeuke uutazame mji. Jengo la matofali lenye kuba dogo na tai wa dhahabu juu ni Forodha ya mwaka 1819. Kila merikebu iliyorudi kutoka Unguja ilihesabiwa mizigo yake na maofisa wa forodha. Mwandishi Nathaniel Hawthorne, mzaliwa wa Salem, alikuwa ofisa katika jengo hili kuanzia 1846 hadi 1849. Wakati huo biashara ya mji ilikuwa imekwisha kupungua, na sehemu kubwa ya iliyobaki ilikuwa ile ya Afrika. Nyuma ya Forodha kuna ghala la serikali lenye mizani na vifaa vya kupimia. Ukikuta limefunguliwa, ingia.

Hapa ndipo historia yetu inapoingia. Tarehe 21 Septemba 1833, Edmund Roberts kwa niaba ya Marekani alitia saini mkataba na Sayyid Said, sultani wa Oman aliyetawala pia Unguja, huko Muscat. Wafanyabiashara wa Marekani walipewa ruhusa ya kuuza na kununua katika himaya yake kwa ushuru wa asilimia 5 wa mizigo inayoshushwa. Watu wa Salem walikuwa wamekwisha kuanza biashara hiyo, na mkataba ukaiimarisha. Walileta vitambaa vya pamba visivyotiwa rangi, merikani, pamoja na bunduki, baruti, sabuni na sahani. Walirudi na pembe za ndovu zilizogeuzwa vitana na vibonyezo vya piano, na sandarusi iliyotengenezewa vanishi. Sandarusi ilifika ikiwa na mchanga na magamba, na mjini Salem Jonathan Whipple alikuwa na kiwanda cha kuiosha.

Ukiwa bado gatini, tazama ng'ambo ya maji uone majengo makubwa ya viwanda yaitwayo Shetland Park. Hapo palikuwa na kiwanda cha nguo cha Naumkeag, kilichoanza kazi mwaka 1847. Majengo ya sasa yalijengwa upya baada ya moto mkubwa wa Juni 1914. Merikani iliyovaliwa na kutumiwa kama fedha kutoka pwani hadi Ujiji ilifumwa katika viwanda vya namna hii. Pamba yake ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani, na pembe zilizolipiwa kwa kitambaa hicho zilibebwa na wapagazi, baadhi yao watumwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza mwaka 1861 pamba ilipanda bei, na vitambaa vya Uingereza na India vikachukua nafasi. Merikebu ya mwisho ya biashara hiyo kuingia Salem kutoka Unguja, Glide, ilifika Mei 1870.

Onyo dogo kwa wanaopenda historia: merikebu ya Sayyid Said, Sultana, iliyompeleka mjumbe wake Ahmad bin Na'aman Marekani mwaka 1840, ilitia nanga New York, wala haikufika Salem. Usipoteze muda kuitafuta kumbukumbu yake gatini.

Mchana nenda Peabody Essex, mtaa wa Essex. Asili yake ni chama kilichoanzishwa mwaka 1799, ambacho wanachama wake walitakiwa wawe manahodha au wasimamizi wa mizigo waliokwisha kuvuka Rasi ya Tumaini Jema au Rasi ya Horn. Kila mmoja aliombwa alete vitu alivyovikuta safarini, na hivyo ndivyo makumbusho yalivyozaliwa. Ukumbi wao wa mwaka 1825 bado umo ndani ya jengo, na ndio wa kuanzia. Tazama picha za merikebu, ramani na vyombo vya usafiri wa baharini. Kisha omba nafasi ya kuingia Yin Yu Tang, nyumba kamili ya ukoo wa Kichina iliyofunguliwa mkoa wa Anhui kipande kwa kipande na kusimamishwa upya hapa, ikafunguliwa kwa wageni mwaka 2003. Nafasi hugawiwa kwa saa, kwa hiyo iombe mara unapokata tiketi. Vijana wa miaka 16 na chini huingia bure.

Vitu vyote haviwekwi hadharani kwa wakati mmoja. Ukitaka kuona kitu fulani cha Afrika Mashariki, andika barua pepe mapema uulize. Mtafiti anayetaka barua za Waters na wafanyabiashara wenzake ajue kwamba nyaraka ziko Phillips Library, maktaba ya makumbusho haya, na maktaba hiyo ipo Rowley, mji ulio kaskazini ya Salem. Huingii bila miadi.

Jioni pita mtaa wa Chestnut. Nyumba za ghorofa tatu zilizopangana pande mbili zilijengwa kwa fedha za bahari, na kutembea hapo ni bure. Namba 9 ni Hamilton Hall, ukumbi wa mwaka 1805 uliosanifiwa na Samuel McIntire. Msimamizi wa karamu zake kwa miaka mingi alikuwa John Remond, Mweusi huru. Watoto wake Charles na Sarah wakawa wasemaji mashuhuri dhidi ya utumwa, na Sarah baadaye alisomea utabibu Italia. Ukirudi mtaa wa Essex utapita maktaba ya umma: ilikuwa nyumba ya Nahodha John Bertram, mmoja wa waliotajirika kwa sandarusi ya Unguja. Unaweza kuingia, ukakaa, ukasoma.

Siku ya pili: mwaka 1692

Sasa uko tayari kwa kesi za uchawi. Ziweke asubuhi, kabla ya kelele.

Anza na mambo yaliyo hakika. Tuhuma zilianza katika kijiji cha Salem, ambacho leo ni mji wa Danvers, na kesi zikasikilizwa mjini Salem. Watu 19 walinyongwa, wanawake 14 na wanaume watano. Mzee Giles Corey alikufa kwa kukandamizwa na mawe kwa sababu alikataa kujibu mashtaka. Wengine wasiopungua watano walifia gerezani. Kati ya watatu wa kwanza kutuhumiwa alikuwamo Tituba, mtumwa katika nyumba ya mchungaji Samuel Parris. Mahakama iliyosikiliza kesi hizo ilivunjwa na Gavana William Phips mwezi Oktoba mwaka huohuo. Wa mwisho kusafishwa jina lake kisheria, Elizabeth Johnson, alisafishwa mwaka 2022.

Nenda kwanza kwenye kumbukumbu ya waliouawa, iliyojengwa mwaka 1992 kando ya makaburi ya mtaa wa Charter. Ni uwanja mdogo wenye ukuta wa mawe, na viti 20 vya mawe vimetokeza ukutani, kila kimoja na jina, tarehe na namna mtu alivyouawa. Mlangoni, chini, maneno ya kujitetea ya washitakiwa yamechongwa kwenye mawe, na ukuta umepita juu yake ukayakata katikati ya sentensi. Usikalie viti hivyo, ijapokuwa utawaona wanaokalia. Katika makaburi ya jirani amezikwa Jaji John Hathorne, mmoja wa waliosikiliza kesi. Walionyongwa hawana makaburi yanayojulikana hapo.

Kisha nenda Witch House, namba 310 mtaa wa Essex. Ilikuwa nyumba ya Jaji Jonathan Corwin, na ndilo jengo pekee lililosimama mjini lenye uhusiano wa moja kwa moja na kesi hizo. Mwisho, kama miguu inakuruhusu, tembea hadi Proctor's Ledge, mwamba uliothibitishwa mwaka 2016 kuwa ndipo watu waliponyongewa. Kumbukumbu ndogo iliwekwa mwaka 2017. Ni katikati ya makazi ya watu; nyamaza, na usiegeshe gari mbele ya nyumba zao.

Sehemu nyingine nyingi zenye neno uchawi kwenye kibao ni biashara. Baadhi zina masanamu na sauti zilizorekodiwa, hazina kitu chochote cha kale. Kabla ya kulipa kiingilio uliza swali moja: mna nini cha mwaka 1692 humu ndani? Jibu litakuamulia.

Msomaji wa Kilifi, Kisii au Shinyanga hatahitaji kufafanuliwa sana. Anajua wazee, hasa akina mama, waliouawa kwa tuhuma za namna hii katika miaka yetu hii, mara nyingine shamba likiwa nyuma ya tuhuma. Salem ilichukua miaka 300 kuwajengea waliouawa ukuta na viti. Ukienda na watoto wakubwa, waambie wazi kwamba hakuna mchawi aliyeuawa Salem. Waliouawa walikuwa watu waliosingiziwa.

Mchana maliza na House of the Seven Gables, nyumba ya mbao nyeusi iliyojengwa mwaka 1668 na nahodha John Turner. Huingia kwa kuongozwa, kwa hiyo weka nafasi mtandaoni. Ngazi ya siri iliyo pembeni ya bomba la moshi ni nyembamba. Mwenye goti bovu aombe kuzungushwa njia nyingine. Kiingilio hichohicho hukuonyesha nyumba alimozaliwa Hawthorne, iliyohamishiwa hapo.

Mkabala kuna duka la peremende la Ye Olde Pepper, kampuni iliyoanza mwaka 1806. Peremende zao za zamani ziitwazo Gibralter zilibebwa na mabaharia wa mji. Hizo ni zawadi nzuri za kupeleka nyumbani: hazivunjiki ovyo wala haziyeyuki kwa joto la Dar es Salaam.

Ukiwa na siku ya tatu

Nenda Lowell, mji wa viwanda vya pamba. Rudi North Station kwa treni, badili upande laini ya Lowell, mwendo wa kama dakika 45. Katika makumbusho ya kiwanda cha Boott utaingia chumba cha ufumaji ambamo mitambo ya kufumia bado inawashwa. Kelele zake ni kubwa, na wageni hupewa vizibo vya masikio. Hapo utaelewa jinsi jimbo dogo lilivyoweza kuvika watu wengi wa mbali. Lowell pia ina jamii kubwa ya Wakenya, na baada ya matembezi hutakosa mahali pa kula ugali.

Asiyependa viwanda abaki Boston, afuate njia ya historia ya Weusi kwenye kilima cha Beacon Hill, inayofika kwenye African Meeting House, jengo la ibada la mwaka 1806.

Chakula na mambo madogo

Mji ni wa samaki. Kamba koche ni sifa ya pwani ile. Uliza bei kabla ya kuagiza, kwa sababu mara nyingi huandikwa kuwa ni ya siku hiyo. Supu maarufu ya chaza, nzito kwa maziwa na viazi, mara nyingi hutiwa nyama ya nguruwe ya kukaushwa, ingawa jina lake halisemi. Mwislamu aulize kila mahali. Salem penyewe chakula cha halali ni kichache; Boston kipo kingi, na msikiti mkubwa uko mtaa wa Roxbury.

Tarehe huko huandikwa mwezi kwanza. Tiketi iliyoandikwa 10/6 ni ya tarehe 6 Oktoba, si 10 Juni. Saa nne asubuhi yetu ni 10:00 yao. Umeme ni volti 120 na plagi ni za meno mawili bapa: chaja ya simu itafanya kazi ukiwa na kiungio, pasi ya nyumbani haitapata moto. Vaa viatu vilivyokwisha kuuzoea mguu, maana njia ni za matofali yaliyoinuliwa na mizizi ya miti. Chukua koti jepesi hata mwezi Juni, kwa sababu upepo wa gatini hauangalii kalenda.

Njiani utaona mstari wa rangi uliochorwa chini kuunganisha vivutio. Unasaidia kutopotea, lakini hupita kwenye biashara sawasawa na kwenye historia. Ufuate kwa miguu, na uamuzi wa pa kuingia ufanye mwenyewe. Kituo cha wageni cha hifadhi za taifa, katikati ya mji, hutoa ramani bure na kina wahifadhi wa kujibu maswali. Waulize kuhusu Unguja. Swali la mgeni anayejua anachokitafuta hufungua mazungumzo ambayo hayamo kwenye vipeperushi.

Na kama safari yako inakupa Salem siku moja tu, acha maonyesho yote ya kulipia isipokuwa moja. Nenda gatini asubuhi, Peabody Essex mchana, kumbukumbu ya waliouawa mwaka 1692 jioni. Hayo matatu yanatosha kuujua mji, na mawili kati yake hayana kiingilio.